Mchuzi wa Miaka Mia Saba

Jumatatu, 3 Machi

Mpishi mkuu wa mkahawa wa makumbusho anastaafu mwisho wa mwezi. Hatimaye! Tunaogombea mwiko wake ni wawili: mimi, mwenye miaka kumi na mmoja jikoni, na shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, mwenye miaka miwili na kidomodomo. Mkurugenzi amesema Ijumaa, siku ya kufungua maonyesho ya vyakula vya kale, kila mmoja apike chakula cha miaka mia saba iliyopita. Atakayeshinda anachukua cheo. Kazi rahisi. Nimempigia simu mama mkwe kumwambia nimeshakipata. Kwa nini nimweke roho juu bure?

Jumanne, 4 Machi

Shemeji ameshinda ukumbini akisoma vibao vya maonyesho. Vyote. Na daftari mkononi! Kanishauri nami nikasome. Nimemjibu kwamba mpishi husoma chungu, hasomi ukuta. Mimi historia ninayo kichwani. Bibi yangu alipika mchuzi wa nyanya, na bibi yake pia, kama alivyonisimulia. Ukihesabu mabibi kwenda nyuma, unafika miaka mia saba bila kutoa jasho.

Alhamisi, 6 Machi

Vitu vyangu viko tayari: nyanya, mahindi, maharage, viazi, karanga, pilipili, kitunguu. Chakula cha wafalme. Sufuria ilikuwa inang'aa mno, nimeipaka masizi hadi shingoni ili ionekane ya kale. Mke wangu kauliza kwa nini shati jeupe limekuwa jeusi. Nikasema ni utafiti. Akasema basi nifue utafiti wangu mwenyewe.

Jioni nikachungulia meza ya shemeji. Mtama, samaki mkavu, majani ya porini. Basi! Nilicheka hadi nikashika mlango. Kisha nikamwonea huruma, nikamshauri aongeze nyanya. Akatabasamu tu. Tabasamu lile sikulipenda.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Shemeji alitangulia. Uji wa mtama, mzito, na kipande cha samaki pembeni. Akaeleza kwamba watu walikula kilichoota karibu na kilichokubali kukaushwa, kwamba chumvi ilitoka mbali hivyo ilitiwa kwa kubana, na kwamba tajiri alikula nyama, maskini akala harufu yake. Wageni wakacheka. Msimamizi wa maonyesho, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba, akaomba aongezwe. Uji! Bila sukari!

Zamu yangu. Nikafunua sufuria, harufu ikajaa ukumbi, wageni wakasogea. Roho yangu ikatulia. Mama wa miwani akachungulia, akauliza kwa upole kama kweli hicho ni cha miaka mia saba. Nikamwambia hata mia nane.

"Nyanya wakati huo zilikuwa bado ng'ambo ya bahari, mwanangu," akasema. "Hebu zitoe."

Nikazitoa kwa upawa, mbele ya watu. Akaonyesha mahindi. Nayo yalikuwa ng'ambo. Viazi, ng'ambo. Maharage yale, karanga, pilipili, vyote vilikuja na meli zaidi ya karne mbili baadaye. Kila nilichotoa, shemeji alinishikia bakuli. Kwa adabu kabisa! Hiyo ndiyo iliyonikera.

"Umebaki na kitunguu," akasema yule mama. "Kitunguu ni sahihi."

Wageni walikula lile bakuli la makosa wakalimaliza. Walilamba vidole. Cheo kikaenda kwa uji.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kaja asubuhi na zawadi. Aproni nyeupe, ameidarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu: MPISHI MKUU. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mke wangu akamsimulia yote, bila kuruka hata kitunguu. Mama akanitazama, akamtazama binti yake mdogo, akasema afadhali cheo kimebaki ndani ya familia. Aproni imemkaa shemeji kana kwamba alipimwa. Nilijifungia chooni kidogo. Imeniuma. Nilitaka mama mkwe aniite mpishi mkuu, hata mara moja tu.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji kanipa kazi ya kumenya vitunguu. Anasema kitunguu ndicho chakula changu pekee kilichothibitishwa. Kanishauri tena, safari hii bila utani, nikasome vile vibao. Mama wa miwani yuko tayari kunitembeza mwenyewe. Nimetikisa kichwa kukubali, huku nikipanga mambo yangu.

Kosa langu lilikuwa moja tu: zamani ina mashahidi wengi mno. Wiki ijayo nampelekea mkurugenzi wazo jipya, chakula cha miaka mia saba ijayo. Huko nani atanitolea nyanya zangu?

Nimeshampigia simu mama mkwe. Nimemwambia wazo limekubaliwa na cheo kipya nimepewa. Kasema anatafuta uzi.