Petroli Iliyoiva Juu ya Paa

Jumatatu, 3 Machi
Harusi ya mpwa wangu ni Jumamosi, uani kwa dada. Nyasi zimefika magotini. Shemeji kajitolea kuja na fyekeo. Fyekeo! Zama hizi! Nikasimama mbele ya ukoo mzima nikatangaza: mjomba yupo, na mjomba ana mashine ya kukatia nyasi. Mpwa akasema sawa mjomba, ila nisimwangushe kama nilivyomwangusha na jenereta siku ya mahafali. Jenereta ile ilikuwa na husuda.

Hawaijui siri yangu. Nina dumu la petroli juu ya paa la banda tangu mwaka jana. Kifuniko nimekilegeza, ipumue. Wenzangu hutumia petroli mbichi, halafu wanalalamika. Mimi naivisha.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshusha dumu. Liliwekwa limejaa, sasa limebaki nusu. Safi kabisa! Maji yamekwenda, kiini kimebaki. Rangi ya chai kavu, harufu ya mlango uliopakwa vanishi. Nikajaza tangi, nikavuta kamba. Nikavuta tena. Mashine ikapiga chafya moja, ikalala.

Shemeji alikuwa ameegemea nguzo anatafuna karanga. Akauliza hiyo mashine inakata nyasi au inazitisha tu. Nikamjibu petroli kali namna hii lazima injini iizoee kwanza.

Jumatano, 5 Machi
Bega halinyanyuki. Dada kanivalisha shati. Nikamwambia hili ni bega lililolivuta lori kutoka kwenye tope, peke yangu, dereva kasinzia ndani. Akasema mara ya mwisho nilipomsimulia lilikuwa gari dogo. Hajui kwamba hata kumbukumbu hukomaa.

Alhamisi, 6 Machi
Kwa fundi pikipiki. Mropokaji! Kafungua kabureta, kakuta gundi ya kahawia. Kanusa dumu, kisha kaita wateja wote waje kunusa. Eti petroli haiivi, inachacha. Eti inunuliwe kidogo kidogo, ikae kwenye chombo chake maalumu, kifuniko kimebanwa, kivulini, mbali na moto, na ikipita mwezi usiitegemee. Eti mashine ikipumzishwa muda mrefu, tangi likaushwe. Nimemsikiliza kwa adabu. Namhurumia.

Nikamwomba hii aibu isimfikie shemeji. Shemeji alikuwa wa tatu kwenye foleni ya kunusa.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi kasafisha kabureta, katia petroli mbichi, kaniachia na dumu dogo la akiba. Mashine ikawaka kwa mvuto mmoja! Nikanyoa nusu ya ua huku nikiwapungia majirani. Dada akapiga vigelegele. Hapo nikafikiri: ikienda hivi kwa petroli changa, je, nikiichanganya na ile yangu? Kikombe tu, cha kunogesha.

Ikazima katikati ya ua. Upande mmoja kipara, upande mwingine msitu.

Mpwa akatoka na hina mbichi mikononi. Akautazama ua. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Akainama, akaanza kung'oa nyasi kwa mikono ileile. Shemeji akaleta mafyekeo mawili. Moja akanipa mimi, la pili akaanza kufyekea.

Jumamosi, 8 Machi
Harusi imefana. Ua umenyooka, viti vimekaa sawa, hakuna mgeni aliyejikwaa. Hina ya mpwa imechafuka kiganja kimoja, naye kaificha kwa maua. Akaninong'oneza kwamba fyekeo limenipendeza, mjomba wangu. Nikawaeleza wageni kwamba kazi yote ilifanywa na mashine. Shemeji akapaliwa na soda.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari kwa utulivu. Makosa nimeyaona, na mtu mzima hukubali makosa.

Mdogo wake bibi harusi naye ana mchumba. Kwa hiyo ile petroli mbichi iliyobaki nimeshaipandisha juu ya paa, safari hii kifuniko nimekiondoa kabisa. Kosa langu lilikuwa haraka. Mwaka mmoja haukutosha.