Kingamwili Kwenye Duka la Marashi

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Sijawahi kumwambia mtu: yule Dkt. Sitara Bushiri ni mimi, wa kidato cha tatu. Kwa jina hilo niliiandikia kampuni moja ya ng'ambo, nikaomba sampuli ya kingamwili ya kuchunguzia HJURP, protini inayosaidia kujenga sehemu ya katikati ya kromosomu ili seli igawanyike sawasawa. Wamekubali! Nimewapa anwani ya duka la marashi la baba mdogo Abdulmajid, Kariakoo.

Klabu ya Baiolojia ina mwanachama mmoja. Mimi. Mwalimu Ignasi kasema asipojiandikisha wa pili kufikia Ijumaa, chumba wanapewa kwaya. Nimebandika tangazo: Ijumaa njooni muione kingamwili.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa! Kifurushi kilifika jana. Baba mdogo kakifungua, kaona kichupa, kakipanga na marashi. Dukani kwake hununui kabla ya kupakwa mkononi. Kapaka wateja mchana kutwa! Bi Mwanne, muuza vitenge wa jirani, kalalamika hayanuki chochote. Baba mdogo kamwambia, "Subiri yakolee, dada'angu, haya ya wakubwa." Bi Mwanne kanunua yaliyobaki. Ya harusini.

Nilitoa shikamoo. Nikaomba kichupa kitupu tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Mpango mpya: maji ya kuchemsha. Candida, anayekaa dawati la mbele yangu, kauliza kama tangazo ni la kweli. Nikasema ndiyo. Neno langu la kwanza kwake tangu Januari. Mchana nikala peke yangu nyuma ya maabara, kama kawaida.

Ijumaa, 15 Agosti

Kaja mtu! Candida, na kashata mbili, yake na yangu. Nimeeleza nusu saa nzima, hakupiga mwayo. Kisha kasema, "Sitara, hata kama ni maji humo, mimi najiandikisha. Shule nzima sina wa kukaa naye."

Nikashtuka. Kajuaje? Nikamwambia kingamwili haitaki pumzi za watu, ikae gizani wiki sita, bila wageni. Kalamu alikuwa ameishika tayari. Akaiweka mezani, akasema, "Haya," akaondoka polepole.

Kwaya wakaanza kuingiza viti. Nikala kashata zote mbili kwenye korido. Halafu nikabandika tangazo jipya: safari hii kuna vichupa vitatu.