Presha ya Papai

Jamani, leo nimeaibika mbele ya papai.

Mnalijua duka langu la dawa hapa Mwembesongo. Mnaijua na mashine yangu ya kupimia presha, niliyoinunua kwa machinga kwa sababu ya rangi yake. (Ya bluu. Msinihukumu.) Watu wanaipenda balaa! Haijawahi kumpa mtu habari mbaya. Shangazi yangu anatoka Mlali kila mwezi nimpime, anasema ile ya zahanati ina roho mbaya.

Leo asubuhi kaja na papai la kunishukuru. Nikampima: 118 kwa 76. Nikampigia makofi kabisa!

Mara akaingia dada mmoja mpole, kitambulisho shingoni. Mkaguzi wa vifaa tiba wa serikali.

"Shikamoo mama," akamwamkia shangazi. Kisha akanigeukia: "Kaka, mashine hii imesajiliwa?"

"Ina stika," nikajibu kwa kujiamini. (Stika imeandikwa ORIJINO.)

Akaitafuta kwenye orodha ya vifaa vilivyosajiliwa. Haimo. Mimi nikapandisha sauti, wateja wote wasikie: "Dada, mashine hii haijawahi kukosea!"

Hakubishana. Alichukua papai, akalifunga ule mkanda wa mkononi, akabonyeza.

118 kwa 76.

Shangazi akaniangalia. Akaliangalia papai. "Yaani mimi na hili tuna presha moja?"

Duka zima likaangua kicheko! Mteja mmoja alikaa chini kabisa.

Yule dada peke yake hakucheka. Alimketisha shangazi, akamwacha apumzike, akampima kwa mashine yake. 182 kwa 104.

"Mama, dawa za presha unakunywa?"

"Niliacha, mwanangu. Si huyu aliniambia niko sawa?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi huyu ndiye aliyenilea. Machozi yalinitoka mbele ya wateja (nikasingizia vumbi). Dada akaifungia mashine yangu kwenye mfuko, akaniandikia onyo bila kunigombeza, kisha akaita bajaji na kumsindikiza shangazi mwenyewe mpaka kituo cha afya. Ameumbua mtu na kuokoa mtu kabla ya saa sita. Namheshimu sana.

Shangazi kanipigia sasa hivi. Kaanza tena dawa, anaendelea vizuri, na anataka papai lake.

Na wewe unayecheka, cheka huku unaelekea zahanati. Ijumaa nilikupima.