Ng'ombe wa Hatua Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejigundua. Mchoraji! Kwa nini nilichelewa kujijua, sielewi. Labda shughuli. Mtu aliyepika melini, akalinda hotelini, akauza miwani ya jua msimu wa mvua, atapata wapi nafasi ya kujikagua vipaji?

Ilianzia kwenye chai ya asubuhi. Shemeji, mume wa dada yangu, ana bucha. Bucha yake ina kila kitu isipokuwa wateja. Sasa ile shule ya bweni iliyo upande wa juu wa barabara inatafuta mahali pa kuchukulia nyama. Mtunza stoo wao, mama mmoja asiyetaka utani, atapita Jumamosi kukagua bucha yetu na ile ya kona, kisha achague. Shemeji akikosa hapo, anafunga. Akifunga, dada anauza makochi. Na kochi refu ndilo ninalolalia mimi. Kwa hiyo hili ni suala la familia.

Bucha ya kona ina bango lenye ng'ombe, kazi ya Brashi, yule mchora mabango mwenye kofia ya upande mmoja na maringo ya pande zote. Ng'ombe wake anawatazama wapita njia kama mkwe anayesubiri kusalimiwa. Shemeji akasema laiti naye angekuwa na bango kama lile. Nikamwambia shemeji, achana na Brashi, mchoraji yumo humu humu ndani, unamnywesha chai bure. Shemeji akapaliwa. Dada akauliza tangu lini. Maswali ya dada!

Mchana nikapita kwa muuza vitabu vya mtumba. Nimepata kitabu safi: kuchora wanyama kwa hatua nne. Hatua nne tu! Brashi anajidai alisomea miaka. Miaka ya nini, ikiwa hatua ni nne? Kasoro ndogo: ukurasa wa ng'ombe haupo. Muuzaji alikiri kwamba aliufungia karanga za mteja. Si neno. Farasi yupo, na ng'ombe ni farasi asiye na haraka.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi. Hatua ya kwanza: yai kubwa la tumbo. Nimelichora vizuri hata mwenyewe nikaogopa. Ya pili: yai dogo la kichwa. Ya tatu: vijiti vya miguu. Ya nne: farasi mzima, ana misuli, ana manyoya, anakaribia kupiga chafya! Nikageuza ukurasa kutafuta kilichotokea hapo katikati. Hakuna. Mwandishi alitoka kunywa maji, kurudi akakuta farasi kashakua.

Nimejaza kalenda yote kwa nyuma. Kwa sasa nina mayai ya kutosha kumfungia biashara mama muuza mayai, jirani yetu pale buchani.

Kitabu kinasema mwanafunzi amtazame mnyama aliye hai. Hapo pana tatizo. Ng'ombe wa shemeji huja wakiwa wameshagawanyika. Lakini nyuma ya bucha kila siku husimama punda wa muuza maji, mpole, hana pa kwenda. Nikakalia ndoo, nikachora mguu. Mguu ni mguu. Kisha tumbo. Tumbo ni tumbo. Na kwa kuwa penseli ilikuwa imeshakolea, nikaenda naye mpaka usoni: lile baka jeupe kwenye paji, lile sikio lililochanika. Fundi wa kweli haachi kitu.

Muuza maji akachungulia begani kwangu, akasema ndiye huyo huyo kabisa. Nikamshukuru. Watu wenye jicho bado wapo.

Jumatano, 5 Machi

Bango limepanda! Rangi ya kahawia iliyobaki dada alipopaka mlango, nyeupe kidogo, na aproni ya shemeji, ambayo sasa ina madoa ambayo sitaki kuyazungumzia.

Shemeji alishika ngazi. Nilipomaliza alitazama muda mrefu. Ndivyo sanaa inavyomgusa mtu. Kisha akauliza, kwa upole wake ule, kama masikio yatabaki marefu hivyo. Nikamwambia shemeji, huo unaitwa mtazamo wa mbali. Neno hilo limo kitabuni. Maana yake bado naitafuta, lakini linanyamazisha watu vizuri.

Mama mzazi wa shemeji, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, alitolewa kiti nje ili naye aone. Akasifu sana. Akasema punda wetu ana afya, Mungu amtunze. Maskini Bibi. Mtoto wa jicho ameshamharibu. Nimemwambia dada ampeleke kwa daktari wa macho bila kuchelewa.

Brashi naye akapita. Akasimama. Akavua kofia. Nikadhani heshima. Kumbe alitaka kitu cha kufutia machozi. Akaniuliza, "Fundi, hiyo mnauza kwa kilo, au mnauza pamoja na mkokoteni wake?" Wivu! Mtu mzima, kofia mkononi, wivu unamchuruzika mashavuni.

Alhamisi, 6 Machi

Wateja wachache. Yaani hakuna. Mwanamke mmoja alikuja hadi mlangoni, akatazama juu, akavuka barabara kwenda kona kama aliyekumbuka jambo.

Nimechunguza tatizo kitaalamu. Pembe! Nilisahau pembe! Kitabu nacho hakina lawama, farasi hana. Nikapanda ngazi nikamwekea pembe ndefu, za kifalme, nikazipitisha kwa taabu katikati ya masikio.

Sijashuka, mama muuza mayai akamwambia mwenzake kwa sauti ya kunifikia kwamba jana alikuwa punda, leo kavishwa pembe, hawa wana jambo wanaficha. Nikamwambia mama, huyu ni ng'ombe. Akajibu, "Baba, mimi sijasema kitu." Naijua dunia mimi. Mtu asiyesema kitu ndiye wa kuogopwa.

Nikaandika chini, kwa herufi kubwa: HUYU NI NG'OMBE. Dada alipoleta chakula cha shemeji akasoma, akaweka bakuli chini taratibu. Akaniuliza, kaka, umeona wapi duka la viatu likaandika hivi ni viatu? Dada hajui biashara. Namsamehe.

Jambo jingine dogo: muuza maji hakuja leo na punda wake. Afadhali. Nyuma ya bucha pametulia.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa!

Muuza maji hajaja tena, na mtaa umekaa kikao bila mimi. Hoja zao: punda mwenye baka jeupe na sikio lililochanika alikuwa akisimama nyuma ya bucha. Hasimami tena. Picha yake iko juu ya bucha. Imevishwa pembe. Chini pameandikwa kwamba si yeye. Kesi imekwisha, hakimu karudi nyumbani kulala.

Lakini naomba niandike hapa, kwa faida ya vizazi: walimtambua! Kwa baka na sikio tu! Brashi achore ng'ombe mpaka brashi iote upara, hakuna atakayesimama kuuliza yule ni ng'ombe wa nani.

Nikaongeza mstari wa kumaliza maneno: HATUUZI PUNDA. Rangi haijakauka, watu wamejaa. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli akasema nyama aliyonunua wiki iliyopita ilikuwa ngumu, akaifikiria kidogo, akatema mate. Mwingine akasema sasa ameelewa kwa nini mwanawe siku hizi ni mbishi.

Jioni nikamkuta shemeji peke yake buchani, anafuta kisu kisicho na doa. Nyama iko palepale ilipokuwa asubuhi. Hakunigombeza. Bila kunitazama akasema usijali, shemeji, ulikuwa unanisaidia. Bora angenitukana! Mtu huyu alinipokea na begi lililokatika mkanda, hakuuliza nimekuja kwa siku ngapi. Mpaka leo hajauliza.

Kesho mama wa stoo anakuja. Kitabu hakina hatua ya tano. Nitaibuni mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango ulikuwa mwepesi kama kunywa maji: namleta punda, watu wanamwona mzima, wanaona haya, wananunua nyama.

Asubuhi nikaenda kwa muuza maji. Punda yuko uani, anatafuna. Alikuwa amekanyaga msumari, akapumzishwa kwato, basi! Nikamkumbatia shingo. Hakupenda. Muuza maji akasema nitangulie naye polepole kwa kuwa anachechemea, yeye atafuata akimaliza chai yake.

Hapa nataka ieleweke kwamba kosa halikuwa langu. Kosa ni la barabara, ambayo inapita mbele za watu. Mimi natangulia, kamba mkononi, aproni ya bucha kiunoni na madoa yake yale ya kahawia. Nyuma yangu punda, kichwa chini, anachechemea. Tunaelekea buchani. Watu wakaanza kutufuata. Nikawapungia mkono, nikijua ni mashabiki.

Mama muuza mayai akapiga ukelele. "Jamani, wanaleta mwingine! Mchana kweupe!"

Nikapaza sauti kwamba si mwingine, ni yule yule!

Yule wa baiskeli akauliza, "Yule yule tuliyemla?"

Hapo punda akaona imetosha, akagoma katikati ya barabara, chini ya bango. Na hapo hapo, kwa sababu dunia hainipendi, akatokea mtunza stoo na mwavuli wake. Akamtazama punda. Akatazama bango. Akarudi kwa punda. Baka, baka. Sikio, sikio. Akasoma maandishi yangu yote, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Akauliza mwenye bucha ni nani. Shemeji akanyoosha mkono kama mwanafunzi aliyechelewa.

Dada ndiye aliyetokea. Kabeba sinia, juu yake kichwa cha ng'ombe chenye pembe zake halali za kuzaliwa nazo, akakiweka mezani puu! Akageuza paja lililoning'inia, akaonyesha muhuri wa bwana mifugo, wino bado mbichi. Akasema mwenye macho aje aone. Wakaja wote, hata wa baiskeli. Muuza maji naye akafika na kikombe mkononi, akamwita punda wake, punda akajibu kwa sauti ambayo bado iko masikioni mwangu.

Kisha dada akaninyooshea kidole. Akatangaza, "Na mchoraji ni huyu hapa. Ni kaka yangu. Yeye ndiye tumeshindwa kumuuza, hakuna anayemtaka."

Mtunza stoo alicheka mpaka akaletewa kiti cha Bibi. Alipopata pumzi akasema ametoka kona sasa hivi. Aliomba aonyeshwe muhuri, akaambiwa mama, wewe tazama bango. Yeye wanafunzi wake hawali bango. Kuanzia Jumatatu nyama itatoka kwa shemeji. Sharti moja: kile kitu kishuke pale juu, watoto wale kwa amani.

Shemeji alijifuta macho kwa mkono. Hapakuwa na kitunguu karibu.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kutafakari. Nani aliyekusanya mtaa mzima mbele ya bucha siku ile ile ya ukaguzi? Nani aliyesababisha muhuri uonyeshwe hadharani? Sisemi. Nyumbani nao hawasemi, kwa sababu zao.

Kochi refu halikuuzwa, lakini dada amesema linahitaji kupumzika. Nimehamia stoo ya bucha. Bango langu limelazwa juu ya makreti, ndicho kitanda changu. Wachoraji wangapi hulala juu ya kazi yao? Shemeji ameniletea blanketi lake mwenyewe, akanong'ona nisimwambie dada. Bibi amenitumia salamu, akauliza na punda anaendeleaje.

Brashi amepewa bango jipya. Nimekwenda kukagua. Ng'ombe amefanana na ng'ombe. Basi! Hana cha zaidi.

Leo pia mama muuza mayai amekuja kuniomba radhi, na trei ya mayai mkononi. Nimeguswa. Mama ana moyo safi, lakini kibanda chake! Ukuta mweupe mtupu, hata unyoya mmoja hakuna. Biashara gani hiyo? Nimeamua kumfanyia zawadi. Kesho anashinda sokoni, akirudi atakuta kazi imekwisha, atoe machozi.

Nimeshafungua kitabu. Ukurasa wa kuku nao ulifungiwa karanga. Lakini bundi yupo, hatua zote nne, macho makubwa mazuri, wala hahitaji pembe.

Ndege ni ndege.