Karanga au Kanga?

Habari ilifika barazani kwa Mzee Akida, muuza kahawa, kabla vikombe havijasuuzwa. Stanslaus, ambaye mtaa mzima humwita Redio kwa sababu hana betri lakini hazimiki, alikuwa ametoka kanisani moja kwa moja, koti la Misa bado limefungwa vifungo vyote.

"Mmesikia? Maganga amepiga marufuku karanga."

"Shinyanga nzima?" Mzee Akida aliuliza, akaweka mkono juu ya sinia lake la kashata za karanga kama mtu anayefunika macho ya mtoto.

"Nyumbani kwake. Jumapili ijayo binti yake Anisia anapokea Komunyo ya Kwanza. Katekista ametangaza: baada ya Misa kuna karamu, wote mnakaribishwa, ila mtu asilete karanga wala chakula chenye karanga. Mtoto ana mzio."

"Mlenda bila karanga?"

"Bila."

"Michembe ya viazi bila karanga?"

"Mzee, bila ni bila. Kanisa zima liliguna. Padri alidhani tunaitikia sala."

Mimi nilikuwa ndani, nikijaribu gauni. Mke wa Mzee Akida, Bi Mwahija, ni fundi cherehani, na dirisha la chumba chake linafunguka hapo hapo barazani. Ukisimama kupimwa kiuno unapata na habari za mji, bila kuomba.

Maduhu alifika akihema, fulana imelowa jasho. Huyu ndiye tunayemwita Almasi. Zamani alifanya kibarua cha kuchekecha mchanga karibu na Songwa, na anadai siku moja alimeza almasi akidhani ni chumvi ya mawe. Haijatoka mpaka leo. Ukimbishia anakuambia uweke sikio tumboni.

"Mwadila," alisalimia, akajitupa kwenye benchi. "Mnaongea habari ya mtoto wa Maganga?"

"Ndiyo. Ulikuwa kanisani?"

"Nilikuwa. Nilitoka mapema. Nilikuwa na kazi kidogo."

Redio hakuuliza kazi gani. Alikuwa na lake linalomwasha. "Sasa nisikilizeni. Mzio si kitu cha kuokota njiani. Mzio ni wa ukoo, na ukoo ni wa baba. Sisi kwetu hatuli pundamilia. Babu hakula, baba hakula, na mimi sili."

"Umewahi kumwona huyo pundamilia akipikwa?" Mzee Akida aliuliza.

"Sijawahi. Lakini nikimwona, sili. Basi, Maganga ni nani asiyejua meno yake? Anatafuna karanga mpaka kwenye mazishi. Kama baba hana mzio wa karanga na mtoto anao..." Akainua nyusi mbili pamoja.

Cherehani ilisimama.

"Stanslaus!" Bi Mwahija alitoa kichwa dirishani, pini bado mdomoni. "Malizia hiyo sentensi, nikushonee mdomo. Uzi ninao."

"Mama, mimi nimeuliza tu."

"Hujauliza. Umeinua nyusi. Mektilda wa watu, mke wa Maganga kwa ndoa ya kanisani, leo achafuliwe na nyusi zako?"

"Zima redio hiyo," alisema Mzee Akida. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu, na baada ya kunywa funda moja akaongeza, "Ingawa huyo mama naye ana maringo. Miaka minne sasa hapiti barazani kwangu. Akikaribia, anamshika mtoto mkono, wanavuka barabara. Upande wa pili kuna mtaro na mbuzi wa watu, lakini anaona heri mtaro. Na mtoto yule nilimpenda mimi. Nilimpa kashata kwa mkono huu."

"Acheni dhambi," Almasi alisema. Alikuwa amekaa kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo. "Mektilda hana kosa, Maganga hana kosa, mtoto hana kosa. Kosa ni la karani."

"Karani gani?"

"Wa hospitali. Ukoo wa kina Maganga hawali nini?"

Redio alifikiri. "Kanga."

"Kanga! Sasa mama anafika dirishani, foleni ndefu, watoto wanalia. Karani anauliza, huyu mna mzio gani? Mama anasema, kanga. Karani na kelele zile anaandika, karanga. Basi! Herufi mbili tu zimeingia katikati, na mtoto wa Kisukuma amenyimwa chakula cha babu zake."

Mzee Akida alishusha kikombe. Redio alivua kofia.

"Maduhu," alisema, "hiyo almasi tumboni inakuangazia."

"Mimi nilidhani kanga ya kuvaa," Bi Mwahija alisema dirishani. "Maana mama yake anavaa kila siku na mtoto hakohoi."

"Kwa hiyo mtoto ni wa Maganga," Redio alitangaza, kama aliyekuwa upande huo tangu asubuhi. "Mzio umethibitisha! Na karanga anaweza kula. Jumapili mke wangu atatia karanga kidogo kwenye mlenda, zilizosagwa laini, mtoto ale apone ujinga wa karani."

Sindano ilinichoma begani, maana niligeuka ghafla. Nilitaka kusema neno. Lakini nilikuwa na gauni la pini, na barazani kulikuwa na wazee watatu.

"Lakini ngoja," alisema Mzee Akida. "Pale kwa Maganga mbona kuna kanga? Jana nimewaona ndani ya tenga, watatu, wananona kwa mtama. Shemeji yake Gelasius kawaleta kutoka Ushirombo kwa ajili ya karamu."

"Mtani yule!" Redio akapiga paja. "Kamletea makusudi, ili Maganga akae mbele ya nyama yake na asiweze kula."

"Utani gani wa kuua mtoto?" Almasi alisema, akanyanyua kidevu. "Ndiyo maana nilitoka kanisani mapema. Nilipita pale, nyumba tupu, wote wako Misani. Nikafungua tenga."

"Umefungua?"

"Nimewaokoa, kanga na mtoto pia. Waliruka vizuri sana. Wawili wameelekea Kolandoto. Wa tatu alinipanda kichwani kwanza."

Hapo ndipo nilipoona, na nadhani wote tuliona pamoja: nyuma ya sikio lake kulikuwa na unyoya mweusi wenye madoa meupe.

Na hapo ndipo Maganga alipotokea, mbio, shati nje, kamba ya tenga mkononi.

"Shikamoo, Mzee Akida."

"Marahaba, Baba Anisia."

"Hamjaona mtu aliyebeba kanga watatu? Nimeibiwa." Macho yake yakafika kwenye sikio la Almasi, yakabaki hapo. "Maduhu."

"Baba Anisia, kaa kwanza. Usinishukuru ukiwa umesimama."

Walimweleza wote kwa mpigo. Karani, foleni, herufi mbili, mlenda wa mke wa Redio. Maganga alisikiliza, na kadiri walivyoeleza ndivyo rangi ilivyomtoka. Mwishowe alitia mkono mfukoni, akatoa kadi ya hospitali iliyokunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa.

"Karani hakuuliza kitu," alisema. "Mtoto hakuwa na nafasi ya kuulizwa. Alikuwa na miaka minne. Macho yamefumba, midomo imevimba kama andazi lililozidiwa hamira, kifua kinapiga filimbi. Nilimbeba kwa baiskeli, mama yake anakimbia nyuma. Dakta alimchoma sindano, akakaa naye mpaka alipopumua. Kisha akaniambia: huyu karanga ni sumu kwake, hata punje, hata unga wake. Nami nikamwambia, dakta, sisi ni Wasukuma. Akasema, karanga haijui kabila."

"Siyo mzio wa ukoo?" Redio aliuliza, sauti ndogo.

"Ni wa mwili. Neno ni hilo moja, Stanslaus. Ukimkosea mwenye mzio wa ukoo unaomba radhi kwa wazee. Ukimkosea mwanangu unachimba kaburi."

Redio aliangalia chini. "Karanga za mlenda, mke wangu ameshazianika tangu jana," alisema.

"Sasa alikula wapi, mtoto?" Mzee Akida aliuliza. "Siku ile?"

Maganga alikunja kadi. Akaikunjua. Akaikunja tena.

"Mzee, hiyo imepita."

"Wapi, Baba Anisia?"

Macho ya Maganga yalikosea njia, yakaangukia sinia.

Mzee Akida alilitazama sinia lake, kisha mkono wake wa kulia, ule aliousifu muda mfupi uliopita. Barabarani lilipita gari la pamba, lote na tela lake.

"Ndiyo maana mnavuka," alisema.

"Ulimpa kwa mapenzi. Mama yake alisema, mzee akijua hatauza kashata tena, na asipouza kashata atawanywesha watu kahawa chungu. Tukaona heri mtaro."

"Na mimi nikamwita mwenye maringo."

"Hata yeye anajiita hivyo siku hizi. Maana kila tukialikwa mahali, mtoto hasemi shikamoo. Anasema, kuna karanga? Watu wanaona hana adabu. Akiambiwa zipo, au hawajui, anakaa pembeni na mkate wake tuliofunga kwenye leso. Mimi nilitaka siku moja tu. Siku ambayo sufuria zote ni zake, apakue bila kuuliza." Akamgeukia Almasi. "Yeye atapikiwa kuku. Wale kanga walikuwa nyama ya wageni. Yaani yako wewe."

Almasi alitoa unyoya nyuma ya sikio, akaushika kama mtu aliyepewa barua ya kufukuzwa kazi.

"Na wale wa Kolandoto..." alianza.

"Nenda kawatafute, uwaimbie warudi," Redio alisema.

Bi Mwahija alitoka nje, akachukua sinia mbele ya mumewe. "Hili la mbao nitalichoma kuni. Nitanunua jipya, na sufuria mpya, na mchi mpya. Kaka yangu wa Dar es Salaam nitampigia simu posta, atume nazi kwa treni. Jumapili mtoto atakula kashata ya nazi."

"Nazi?" Almasi alikunja uso. "Niliila mara moja Tabora. Tamu, lakini inawasha kama pilipili."

"Nazi haiwashi, wewe!"

"Inawasha. Ulimi wote. Nikasema, watu wa pwani hawa ni majasiri."

Tulimcheka. Hata Maganga alicheka, na kamba ya tenga ikamdondoka.

Jumapili iliyofuata nilivaa gauni langu, nikaenda. Kwa adhabu, Almasi alipewa lango. Kila mgeni alipekuliwa mifuko, akanawishwa mikono kwa sabuni, na sabuni mwaka ule ilikuwa adimu kuliko kanga. Kila aliyeapa hana karanga alikutwa nazo. Mwenyekiti wa mtaa, kiganja. Mama wa kwaya, fundo zima kwenye pindo la kanga aliyovaa. Katekista mwenyewe, aliyetangaza, alikutwa na saba mfuko wa kanzu, akasema hajui zilifikaje. Kapu la langoni lilijaa pomoni, na hapo ndipo mtu alipoelewa mtoto huyu amekuwa akiishi katikati ya nini.

Kuku wawili waligawanywa kwa watu arobaini. Wageni walipata mchuzi, na Redio alikuwa akitangaza kila sahani: "Huu ni wa kanga waliopaa, tafadhali msimalize."

Mzee Akida alikuja wa mwisho, kanzu safi, sinia jipya linang'aa. Alikwenda moja kwa moja kwa Anisia, aliyekuwa na shela nyeupe na miguu isiyofika chini. Mzee mzima akachuchumaa.

"Kuna karanga?" mtoto aliuliza.

"Hamna. Sinia jipya, sufuria mpya, mikono hii nimeiosha tangu Alhamisi."

Anisia alimtazama mama yake. Mektilda alimtazama Mzee Akida kwa muda, kisha akaitikia kwa kichwa. Mtoto akachukua kipande, akauma pembe. Akangoja, kama walivyomfundisha. Akauma tena. Kisha akatia chote mdomoni, mashavu yakatuna, na safari hii yalituna kwa utamu.

"Babu," alisema alipomeza, "watu wengine huwa wanakula hivi kila siku?"

Mzee Akida alimsogezea kipande kingine. Bi Mwahija alijibu kwa niaba yake. "Kuanzia kesho, na wewe. Msivuke tena barabara. Pale barazani karanga zimekwisha."

"Na kahawa yetu?" Redio alilalamika.

"Kunywa na nazi, au unywe na nyusi zako."

Almasi, aliyeachwa langoni bila mtu wa kupekua, alikuwa amejisogeza kwenye sinia. Alikuwa kwenye kashata ya tatu. "Si niliwaambia?" alisema. "Inawasha. Lakini hii ya Bi Mwahija inawasha vizuri zaidi." Akajikuna shingo. Akajikuna mkono. Mdomo wa chini ulikuwa umeanza kutangulia ule wa juu.

Anisia aliacha kutafuna. Aliteremka kwenye kiti, akamsogelea, akamkagua uso kwa makini ya mtu anayeijua kazi yake. Akamshika mkono.

"Babu Almasi, usile tena. Na wewe una mzio."

"Mimi? Mimi nina almasi tumboni!"

"Una mzio. Twende nikuoneshe hospitali. Hawachapi."

Maganga alikuwa ameshaitoa baiskeli. Almasi alipandishwa nyuma, midomo imefika hospitali kabla yake, na karamu nzima ikatoka kumsindikiza. Mzee Akida akapiga kelele mpaka mtaani wakasikia:

"Ukifika kwa karani, tamka vizuri! Sema nazi! Akiandika nzi, Redio atainua nyusi na kukutafutia baba mwingine!"