Bamba Chini ya Sebule

Tetemeko lenyewe lilikuwa dogo, la kugonganisha vikombe kabatini tu, lakini Mtaalamu alipoona watu wametoka mbio na mataulo viunoni alijua riziki imebisha hodi. Mjini walimwita Mtaalamu, naye hakuwahi kujisumbua kuuliza wa nini. Siku hizo alikuwa na shida ya nyumba: mkewe alikuwa amerudi kwao, na mama mkwe ameapa hamwachii mpaka aone kwa macho yake nyumba isiyo ya kupanga. Mtaalamu alimpenda mkewe, hilo tusimnyime.

Kesho yake akavaa kofia ngumu ya manjano, akabisha kwa mjane mmoja ambaye sebule yake ilikuwa na ufa wa kupitisha kidole. Juu ya ufa fundi mwashi alikuwa amebandika kipande cha plasta chenye tarehe, apate kujua kama ukuta bado unasogea. Mtaalamu hakukitazama. Alitoa rula ya plastiki, akaipinda.

"Mama, chini yetu kuna bamba la mwamba linazama. Likipinda hivi, mgongo unavutika, tumbo linabanwa. Mkazo unajaa, unajaa, mwisho bamba linakatika humo humo ndani yake."

Rula ikakatika. Mjane akashika kifua.

Ajabu ni kwamba yote hayo yalikuwa kweli. Aliyatoa kwenye kitabu cha shule cha kuazima. Uongo ulianza aliposema bamba linakatikia pale pale, chini ya kochi.

"Sasa nyumba hii nani atainunua, mwanangu?" mjane akauliza kinyonge.

Mtaalamu akaguna, akazunguka sebule, kisha akasema kwamba kwa huruma yake ataichukua mwenyewe kwa nusu bei, iwe ya utafiti. Mjane akalia kidogo, akamwita mwanasheria mchana ule ule. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mizigo ya mama mwenye huzuni ilikuwa imeshafungwa. Mtaalamu alitoa akiba yake yote ya miaka ya ujanja, akapewa funguo.

Jumamosi mama mkwe akaja kukagua. Wakati anapekua jikoni, fundi mwashi naye akaingia, kama alivyozoea kila mwezi, kusoma plasta yake.

"Imepasuka tena," akasema. "Ya nne hii. Kwani hukuambiwa? Sebule imejengwa juu ya shimo la choo la zamani. Kila mnunuzi aliyekuja aliuliza ufa umetokana na nini, akaambiwa, akakimbia. Mama aliyekuuzia anasema wewe peke yako hukuuliza. Ulimweleza."

Mtaalamu akautazama ufa kwa mara ya kwanza. Alikuwa anajua kwamba anadanganya, basi akadhani na ukuta nao unadanganya.

Mama mkwe akatoka jikoni ameridhika, akatua mkoba wake mzito katikati ya sebule. Sakafu ikanguruma, ikashuka kiganja kizima.

"Ni tetemeko, mama," Mtaalamu akasema haraka. "Mambo ya bamba."

"Si tetemeko, mama," fundi akasema. "Ni choo."

Mama mkwe akaokota mkoba wake. Kisha akamwomba fundi amshike mkono hadi mlangoni, maana mle ndani ni yeye tu aliyejua pa kukanyaga.