Pointi Mia Tatu za Pasi

Jumatatu, 3 Machi
Pasi imekufa. Ilitoa moshi, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikazimika juu ya shati la kazi la Baba. Baba ni mlinzi wa benki. Shati likiwa na makunyanzi, msimamizi humtazama kana kwamba mwizi ni yeye. Sasa Mama ananyoosha kwa sufuria ya maji ya moto.

Lakini nimeona tangazo kwenye duka kubwa. Kadi ya mteja, bure! Ukifikisha pointi mia tatu, unapewa pasi! Nimemwomba Mama anikabidhi manunuzi yote ya nyumbani. Shangazi, dada yake Baba, mwenye kibanda cha mayai, alicheka mpaka kilemba kikalegea. Akasema duka halimpendi mtu bure, na kwamba msichana asiyeweza kumwambia muuzaji "niongeze kidogo" hafai kushika kikapu.

Mama ameamua. Nina wiki mbili. Nikifaulu, kikapu ni changu. Nikishindwa, naenda kibandani kwa Shangazi, kuita wateja kwa sauti.

Mimi! Shuleni niliandikwa mtoro mara tatu nikiwa darasani, kwa sababu mwalimu hakunisikia nikiitika.

Jumanne, 4 Machi
Kadi ninayo. Ya bluu. Fomu ilitaka namba ya simu. Sina simu. Ya Mama ilinitoka kichwani, na foleni nyuma yangu ilikuwa imeanza kukohoa. Namba pekee ninayoijua kwa moyo ni ya Shangazi, maana imepakwa rangi nyekundu kwenye kibao cha kibanda chake, kila tarakimu kubwa kama kuku. Nikaijaza. Namba ni namba tu. Kadi iko mfukoni mwangu.

Risiti inasema pointi kumi na nne. Haba na haba!

Alhamisi, 6 Machi
Leo pointi mara mbili kwa bidhaa zenye kibandiko cha njano. Nimenunua siki chupa sita, njiti za meno na chakula cha paka. Sukari haikuwa na kibandiko. Nikaiacha.

Baba alitoka zamu, akanywa chai bila sukari, akauliza kwa upole paka yuko wapi. Nikajibu hatuna paka. Akasema hilo analijua, alitaka tu kuhakikisha kama na mimi ninalijua.

Shangazi alipita eti kusalimia. Akazihesabu chupa za siki kwa kidole, akamuuliza Mama kama tunafungua kiwanda. Katikati ya maneno simu yake ikalia. Akasema kuna duka linamsumbua kwa meseji siku hizi, wala yeye hajawahi kulikanyaga. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa najumlisha.

Jumamosi, 8 Machi
Siki haiishi. Mama ameoshea madirisha, sakafu, na sasa anawatazama majirani.

Nimebuni mpango mpya. Watu wengi hulipa bila kadi. Pointi zao zinapotea bure, kama maji ya bomba bovu! Kwa kuwa siwezi kusema na watu nisiowajua, niliandika kwenye karatasi ya daftari: "Samahani. Kama huna kadi, naomba utumie yangu. Asante sana." Nikasimama karibu na keshia, nimeiinua.

Mzee mmoja hakuwa na miwani. Alinitazama, akasikitika, akaniuliza kwa ishara za mikono kama nina njaa. Akaninunulia mkate. Ningemwambiaje kwamba mimi si bubu, baada ya mkate? Nilimshukuru kwa ishara.

Kisha akaja mpishi wa shule ya bweni na vitoroli viwili vya mchele na sabuni. Akasoma, akasema chukua tu mwanangu, kwani sisi hizo pointi tutazipika? Mia na arobaini kwa mkupuo! Nilitoka nje nikapiga kelele ya furaha. Yule mzee alikuwa bado mlangoni. Sitarudi dukani asubuhi tena.

Jumatano, 12 Machi
Mia tatu na mbili!

Keshia alisema ujumbe wenye namba ya siri utakuja kwenye simu, nionyeshe huo nichukue pasi. Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye simu. Lakini hakuna haraka. Jumamosi nitakwenda na Mama, aone kwa macho yake. Shangazi nimemwalika pia, kwa makusudi. Nitaazima simu yake palepale mbele ya keshia. Nitaiona sura yake!

Ijumaa, 14 Machi
Shangazi amekuja na boksi. Ndani ya boksi, pasi.

Akasimulia amesimama. Eti lile duka la meseji jana lilimwambia aende achukue zawadi. Akaenda ili awatukane. Wakampa pasi, na kalamu. Akasema mtu akiwa na nyota yake, hata duka asilolijua linamtafuta. Pasi akampa Mama, kwa kuwa yeye hana cha kunyoosha, kuku hawavai mashati.

Mama akamkumbatia. Halafu akanigeukia: mwone mwenzio, hakununua hata chupa moja ya siki.

Nikafungua mdomo. Wote wakanitazama, Baba pia. Macho sita! Nikasema, "Hongera, Shangazi." Akasema niongeze sauti, hajasikia.

Shati la Baba limenyooka kama ubao. Kikapu kimechukuliwa na Shangazi.

Jumatatu, 17 Machi
Siku ya kwanza kibandani. Niliita "mayai" mara moja. Aliyegeuka ni kuku.

Nimetafakari kosa langu kwa makini, nimelipata. Kosa lilikuwa kuliamini duka lile. Mkabala na kibanda limefunguliwa duka jingine, nalo lina kadi ya kijani. Pointi mia nne, unapewa simu! Nikiwa na simu nitawaandikia wateja wa mayai, sitaita mtu tena maishani.

Nimeijaza fomu nikiwa nimeketi juu ya trei tupu. Walitaka namba. Nikainua macho tu, ikawa ipo mbele yangu, kubwa na nyekundu. Sikuhitaji kumuuliza mtu.